Meli za Kulaza Nyaya za Umeme Baharini

(Maneno aliyoyasema mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, ukumbi mkuu wa shule. Yanachapishwa hapa kwa ombi la Kamati.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wa leo na wa jana, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mnaokalia leo madawati tuliyochonga majina yetu:



Kwanza nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mahali hapa. Mara ya mwisho niliposimama mbele ya ukumbi huu niliitwa na mwalimu wa zamu, na haikuwa kwa heshima. Kamati iliponiandikia ilinipa uhuru wa kuchagua mada, ikaniomba mambo mawili tu: nisiingize siasa, na nisizidishe muda. Nimechagua kuzungumza juu ya meli zinazolaza nyaya za umeme chini ya bahari, na hasa jinsi meli za kazi nyingine zinavyogeuzwa ili zifae kazi hiyo.

Mtaniuliza: mtumishi wa serikali aliyesoma uchumi ana nini na meli? Nitajibu kwa kisa.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka. Ninyi vijana wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, au mlikuwa mngali mnabebwa mgongoni. Mwezi Desemba mwaka 2009 umeme ulikatika Unguja, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu. Kabla ya hapo, mwaka 2008, tulikwisha kukaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Kisiwa kizima kilikuwa kikitegemea waya mmoja wa kilovolti 132, uwezo wake megawati 45, uliolazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Ras Fumba upande wetu, masafa ya kilomita 37 hivi. Ulikuwa msaada wa Norway, nao ulitutumikia vizuri kwa miaka mingi. Lakini waya nao huzeeka. Ulipoharibika hapakuwa na mwingine, na pampu za maji hazikupata umeme. Ndipo tukaona kwamba taa ilikuwa shida ndogo. Shida kubwa ilikuwa ndoo.

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeajiriwa. Kazi niliyopewa ilikuwa kuandika majibu ya barua za wananchi. Kila barua nilijibu kwa maneno yale yale: "Matengenezo yanaendelea." Jioni nikirudi nyumbani namkuta mama yangu kwenye foleni ya kisima, ananiuliza, "Yanaendelea wapi, baba?" Sikuwa na jibu. Sikujua waya umekaaje, umeharibika vipi, nani anaweza kuutengeneza, wala kwa nini tunangoja mafundi na vifaa kutoka ng'ambo. Nilikuwa nimetia saini jambo nisilolijua. Aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kusoma habari za nyaya na meli zake, na tangu hapo sijaacha.

BAHARI YA KASKAZINI

Leo kazi hii inafanyika kwa wingi huko Ulaya, katika Bahari ya Kaskazini na bahari zilizo jirani nayo. Sababu yake ni upepo. Mwaka 1991 Wadenmark walisimamisha mitambo 11 ya upepo baharini mahali paitwapo Vindeby, karibu na ufuko. Yote kwa jumla haikufika megawati 5. Mwaka 2002 wakajenga Horns Rev, mitambo 80, megawati 160. Waingereza nao wakamaliza London Array mwaka 2013, mitambo 175, megawati 630. Kisha wakaenda mbali zaidi: Hornsea One, iliyokamilika mwaka 2020, ina mitambo 174 na zaidi ya megawati 1,200, nayo iko kiasi cha kilomita 120 kutoka pwani ya Yorkshire. Waya wetu mpya wa Fumba, uliowashwa mwaka 2013, hubeba megawati 100. Pigeni hesabu wenyewe.

Sasa umeme si samaki, hauwezi kutiwa kapuni ukaletwa pwani kwa ngalawa. Lazima upite katika waya. Kila mtambo unaunganishwa na jirani yake kwa waya mfupi, kama shanga katika uzi. Nyaya hizo zinakusanyika kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini, na hapo umeme unaongezwa nguvu, kisha waya mmoja mnene au miwili inaupeleka nchi kavu. Ukikatika huo mnene, mitambo yote inakuwa minazi isiyo na nazi. Upepo utavuma, mapanga yatazunguka au yatafungwa, na mwenye mali hapati hata senti.

MELI ILIYOSHINDWA KAZI YAKE

Kabla sijaeleza meli za leo, nataka niwape habari ya meli moja ya zamani, kwa kuwa ndani yake mna somo lote.

Mhandisi wa Kiingereza, Isambard Kingdom Brunel, alibuni meli iliyoitwa Great Eastern, ikashushwa majini mwaka 1858. Urefu wake ulikuwa mita 211, na kwa miaka mingi hapakuwa na meli kubwa kuliko hiyo duniani. Ilikusudiwa kuchukua abiria 4,000 hadi nchi za mbali bila kutia makaa njiani. Kama meli ya abiria ilishindwa kabisa. Abiria hawakutosha, gharama zilikuwa nyingi, na wenyewe wakafilisika.

Wakati huo huo watu walikuwa wanataka kulaza waya wa simu ya maandishi kutoka Ireland hadi Amerika, na hakuna meli nyingine iliyoweza kubeba waya wote kwa safari moja. Basi meli iliyoshindwa ikapata kazi. Vyumba vya abiria vikabomolewa, bomba moja la moshi na matangi yake ya mvuke vikaondolewa, na ndani ya tumbo yakajengwa matangi matatu makubwa ya chuma ya kuwekea waya ndani ya maji. Waya wote ulikuwa na uzito wa tani 7,000 hivi.

Mwaka 1865 wakaondoka. Mashine ya kutoa waya ilikuwa tezi, yaani nyuma ya meli. Mashine ya kuuvuta tena waya, kama kuna kasoro, ilikuwa omo, yaani mbele. Maana yake, kila kasoro ilipoonekana, waya ulihamishwa kutoka tezi kuzunguka ubavu mzima hadi omo, na meli ikageuzwa. Wamekwisha kwenda zaidi ya maili elfu moja, waya ukasuguana na chuma katika kuhamishwa huko, ukakatika, ukazama kwenye kina cha zaidi ya maili mbili. Waliukamata kwa ndoana mara kadhaa, na kila mara kamba ikawakatikia. Wakarudi mikono mitupu.

Mwaka wa pili wakarudi tena na waya mpya, lakini safari hii mashine ya tezi ilikuwa imeongezewa injini ya mvuke, iweze kutoa waya na kuuvuta pale pale. Tarehe 27 Julai 1866 waya ulifika Newfoundland. Halafu wakarudi katikati ya bahari, wakauokota ule wa mwaka 1865, wakauunga, nao ukafika. Mwaka 1870 Great Eastern hiyo hiyo ilikuja huku kwetu mashariki, ikalaza waya kutoka Bombay hadi Aden. Na kutoka Aden, mwaka 1879, ukaja waya wa Zanzibar, ukaendelea kusini hadi Durban. Kwa hiyo habari hii si ya watu wa mbali tu.

Somo lake ni hili. Meli ile ilikuwa kubwa vya kutosha tangu mwaka wa kwanza. Kilichokosekana ni mashine kuwa mahali pake. Kugeuza meli maana yake ni kuipanga upya kufuatana na kazi yake mpya, na anayeifanya kazi hiyo lazima aulizwe.

KWA NINI WAYA WA UMEME UNA MELI YAKE

Waya wa simu au wa intaneti wa bahari kuu ni mwembamba kama kidole na mwepesi. Waya mnene unaotoa umeme kwenye mashamba ya upepo, wa kilovolti 220, una nyuzi tatu za shaba au aluminiamu, kila moja imevishwa plastiki maalumu na risasi, kisha zote zimefungwa kwa nyaya za chuma. Uzito wake unaweza kufika kilo 100 kwa kila mita moja. Vijana, mita moja ni gunia la mahindi! Kilomita 50 ni magunia 50,000, yaani tani 5,000. Zile tani 7,000 zilizovuka Atlantiki mwaka 1866, kwa waya huu wa leo hazifiki kilomita zaidi ya 70.

Uzito ni shida ya kwanza. Ya pili ni msokoto. Nendeni nyuma ya jiko mchukue mpira wa kumwagilia maji, ule uliokunjwa chini duara juu ya duara. Shikeni ncha mkimbie nayo. Mtaona mpira unajisokota na kujifunga vifundo. Kila duara lililolazwa chini linatia msokoto mmoja. Sasa mpira huo huo uviringisheni kwenye gurudumu, mkivuta na gurudumu likizunguka, unatoka umenyooka. Waya mwembamba wa simu unavumilia msokoto, ndiyo maana unakunjwa ndani ya tangi. Waya mnene wa umeme wenye chuma kingi hauvumilii. Ukiusokota, chuma kinafunguka au kinabana, na plastiki ya ndani inaumia. Haiumii mbele ya macho yako. Inaumia kimya, ikangoja siku ya kupasuka.

Kwa hiyo meli ya nyaya za umeme lazima iwe na sinia kubwa la chuma linalozunguka, na waya huviringishwa juu yake. Meli ya Norway iitwayo Skagerrak, iliyojengwa mwaka 1976 makusudi kwa nyaya za umeme, ina sinia la kipenyo cha mita 29 linalobeba tani 7,000. Meli mpya ya Leonardo da Vinci, ya mwaka 2021, ina masinia mawili, jumla ya tani 17,000. Lakini meli za namna hiyo zilizojengwa makusudi ni chache, na kazi ni nyingi. Ndipo wenye kazi wakarudia hila ya Great Eastern. Bei ya mafuta ilipoanguka mwaka 2014, meli nyingi zilizokuwa zikihudumia visima vya mafuta baharini zilifungwa gatini bila kazi. Baadhi zikapelekwa kwenye gudi, zikageuzwa.

KUIGEUZA MELI

Mwenzetu mmoja wa kidato chetu, aliyenikataza nisimtaje, amefanya kazi miaka mingi katika meli hizo. Hapa shuleni hakuwa na bahati na mitihani. Tulimcheka, mimi nikiwamo. Nimejifunza mengi kutoka kwake kuliko nilivyojifunza vitabuni. Ananiambia kazi ya kugeuza huenda hivi.

Kwanza ni sitaha. Meli ya kuhudumia visima ina sitaha pana tupu nyuma, na hiyo ndiyo sababu hupendwa. Lakini sitaha iliyojengwa kubeba mabomba na makasha haikuundwa kubeba tani elfu kadhaa juu ya duara moja linalozunguka. Mafundi hukata, huongeza mataruma na nguzo chini yake hadi kwenye mkuku, uzito upate njia ya kushuka. Sinia likipinda kidogo tu haliwezi kuzunguka sawasawa.

Pili ni mizani ya meli. Nahodha wa jahazi hahitaji kuambiwa hili. Ukipakia boriti ndani ya ngama chombo hutulia, ukizirundika juu ya sitaha kinayumba. Sinia la juu ya sitaha linapandisha kitovu cha uzito, basi lazima farumi ya maji iongezwe chini. Na kuna jambo la zaidi. Tuseme meli inalaza mita 500 kwa saa. Kwa kilo 100 kila mita, tani 50 zinaondoka kila saa. Kwa siku moja, tani 1,200. Meli inakuwa nyepesi huku ikifanya kazi. Lazima pampu ziingize maji kwa kadiri ile ile, katika matangi yanayofaa, la sivyo chombo kitainama. Anayesimamia pampu hizo akisinzia, waya ndio utakaolipa.

Tatu ni njia ya waya. Kutoka kwenye sinia, waya hupita juu ya matao, ukaingia katika mashine ya kubana, yenye mikanda miwili au minne kama minyororo ya trekta, ambayo huushika bila kuuponda na kuuachia taratibu. Kisha hushuka kwa mlizamu mpana wa chuma uliopinda, tezi. Kila waya una kipimo cha mpindo usichoruhusiwa kukipita. Hakuna kona kali popote, kutoka sinia hadi sakafu ya bahari. Ukikazwa mno unanyooka kama uzi na kuvutika. Ukilegezwa mno unajikunja pale unapogusa chini. Kati ya makosa hayo mawili ndipo fundi anapoishi saa 12 za zamu yake.

Nne ni kusimama mahali pamoja. Zamani yalitumika matishali yenye nanga nyingi, yakijivuta kwa kamba za nanga hatua kwa hatua. Bado yanatumika karibu na ufuko. Lakini kati ya mitambo ya upepo, ambako waya mwingine umekwisha kulazwa, kutupa nanga ni kutupa jiwe katika nyumba ya vioo. Meli ya leo haitupi nanga. Ina rafadha za ziada ubavuni na chini, na kompyuta inayosoma satilaiti na upepo, ikiziamuru rafadha kila nukta ili meli isihame hata mita chache. Utaalamu huu ulianza mwaka 1961 katika meli za kuchimba visima vya utafiti. Kwa kazi ya nyaya hutakiwa mitambo maradufu, kwamba kikiharibika kimoja chochote, meli isipoteze mahali pake. Meli za visima nyingi zinavyo vitu hivi tayari, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzichagua.

Tano ni watu. Kazi haisimami usiku. Meli iliyokuwa na mabaharia ishirini sasa inalaza watu sitini na zaidi: mafundi wa kuunga, waongoza mashine za chini ya maji, wapima bahari. Lazima vyumba viongezwe, na mashua za kuokolea watu ziongezwe pia.

UFUKONI NA CHINI YA MAJI

Sehemu mbili ngumu kuliko zote ni mwanzo na mwisho. Meli kubwa haiwezi kukaribia ufuko, kwa hiyo hutumika tishali la chini bapa, ambalo maji yakitoka huketi juu ya mchanga na maji yakijaa huelea tena. Watu wa Fumba mnaojua bamvua na maji mafu mtaelewa kwa nini siku ya kazi huchaguliwa kwa kalenda ya mwezi. Waya hufungiwa maboya, ukavutwa na winchi iliyo nchi kavu, kisha wapiga mbizi hufungua maboya moja baada ya jingine, ukazama mahali pake.

Kwenye mitambo ya upepo kila waya mfupi una ncha mbili, na kila ncha huingizwa katika bomba lililo chini ya mtambo, mara nyingi lenye umbo la herufi J. Ncha ya kwanza ni rahisi. Ya pili ndiyo ya kutoa jasho, maana waya hukatwa kwa urefu kamili kabla haujafika. Shamba la mitambo 174 lina ncha mia tatu na zaidi. Bahari ya Kaskazini mawimbi yakipita mita mbili hivi kazi husimama, na meli hukaa ikingoja huku mwenyewe analipa.

Baada ya kulazwa, waya hufukiwa, kwa kawaida mita moja au mbili, kwa plau inayoburutwa au kwa mashine inayochimba kwa maji ya nguvu. Sababu si papa. Katika nyaya za mawasiliano hutokea kasoro 150 hadi 200 kila mwaka duniani, na nyingi mno huletwa na nanga na nyavu za kukokota. Mwezi Mei 2024, nyaya za Seacom na EASSy zilipokatika upande wa kusini, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Hapo mlijua wenyewe simuni mwenu kwamba bahari ina nyaya.

Huko Ulaya makampuni ya bima yamesema mara nyingi kwamba sehemu kubwa ya fedha za madai ya mitambo ya upepo baharini inatokana na nyaya, ingawa nyaya ni sehemu ndogo ya gharama ya ujenzi. Hasara nyingi huzaliwa siku ile ile ya kulaza: mpindo uliozidi, msokoto, nanga ya chombo cha kazi chenyewe. Kwa hiyo ukiona mtu anabana matumizi katika meli, jua anajikopesha hasara ya kesho.

Na matengenezo? Waya ukiharibika hukatwa, ncha moja hupandishwa juu ya meli, huungwa na kipande kipya, kisha ncha ya pili hupandishwa nayo huungwa. Kipande lazima kiwe kirefu kupita kina cha maji kwenda na kurudi, ndiyo maana waya uliotengenezwa hulala chini kama kitanzi. Kila kiungo huchukua siku kadhaa, ndani ya chumba kikavu kisicho na vumbi, kwa mikono ya fundi aliyefunzwa waya wa namna ile ile. Hapo meli hutakiwa itulie siku zote hizo. Usipokuwa na kipande cha akiba ghalani, ungoje kiwanda kikutengenezee.

LETU NI LIPI?

Ndugu zangu, pwani yetu haina mitambo ya upepo baharini, na mimi sikuja kuihubiri. Kenya ina mitambo 365 nchi kavu, kule karibu na Ziwa Turkana, na hiyo haihitaji meli. Lakini sisi ni watu wa visiwani, na nyaya tunazo. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na Tanga, ikaachana na majenereta ya Wesha. Mwaka 2013 ukaja waya wa pili wa Fumba, kwa msaada wa Marekani. Watoto wa Pemba waliozaliwa mwaka ule wa Tanga sasa wamekuwa vijana. Waya wao nao unakua kama wao. Hakuna waya usiozeeka.

Kwa hiyo, mtu yeyote kati yenu atakayekalia kiti ambacho mkataba wa waya unapita mbele yake, namwomba aulize maswali manne kabla hajatia saini. Kipande cha akiba kiko wapi, na kina urefu gani? Meli ya kutengeneza itatoka bandari gani, na itafika baada ya siku ngapi? Fundi wa kuunga ni nani, na vijana wetu wangapi watasimama karibu naye ajifunze nao? Na wavuvi na manahodha wa mkondo huu wameonyeshwa ramani ya waya, kwa lugha yao? Mimi nilijibu barua nyingi mwaka ule. Hakuna hata moja niliyoweza kujibu maswali hayo.

Naweza kusikia mtu akisema: meli ya kulaza nyaya si ya uwezo wetu. Kweli, kuimiliki meli ile kubwa si lazima. Lakini nimewaeleza leo kwamba sehemu ngumu ya kazi hufanywa ufukoni, kwa tishali, winchi, maboya, wapiga mbizi na watu wanaojua maji ya mahali. Tishali la kawaida, likipimwa vizuri, likaimarishwa sitaha na kuwekewa mashine ya kubana, linaweza kuitengeneza sehemu ya waya iliyo karibu na pwani. Hayo hayahitaji muujiza. Yanahitaji hesabu, na watu waliofunzwa kabla ya siku ya giza.

Ninyi wanafunzi, hapa ndipo neno langu kwenu. Katika zama zetu aliyepelekwa karakana alionekana amefeli, na aliyekwenda baharini alionekana amepotea. Mimi niliyekwenda chuo kikuu ndiye niliyeandika "matengenezo yanaendelea" bila kujua matengenezo ni nini. Yule tuliyemcheka ndiye anayejua. Iko Karume hapa Mbweni kwa ufundi, kiko chuo cha mabaharia Dar es Salaam. Atakayekwenda huko asione haya. Na atakayekwenda chuo kikuu aende, lakini somo la fizikia la kidato cha pili, lile la kitovu cha uzito, asilitupe.

Mama yangu bado yu hai, alhamdulillahi. Nilipomweleza juzi kwamba nakuja kuzungumza hapa juu ya waya wa baharini, aliniuliza, "Siku hizi unajua unapita wapi?" Nikamwambia, najua. Akasema, "Basi kawaambie na wenzio."

Nami nimewaambia.